Ngozi ya Rola ya Nane

Rola ya nane ilirudi kwangu siku yake ya thelathini na tisa kazini, imebabuka.

Waliileta kwa toroli, watu wanne wakisukuma, na Lugano akitembea pembeni ameweka kiganja juu yake kama anayemsindikiza mgonjwa. Lugano ndiye kiongozi wa walishaji wa rola, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mrefu, mwenye maneno mengi. Asubuhi ile hakuwa na neno hata moja mpaka alipofunga breki ya toroli mbele ya tanuri langu.

"Kamwene, Bibi. Mgonjwa wako huyu."

"Kamwene. Ameanza lini?"

"Juzi kitambaa kilitoka na upara mdogo kama kifungo. Jana upara ukawa kama sahani. Leo tumezima."

Nikavaa miwani nikainama. Ngozi ya rola, ya kijivu, laini kama jiwe la mtoni, ilikuwa imeinuka vipande vipande, na chini yake chuma kimeshashika kutu. Nikatafuta mahali palipokuwa bado pazima, nikaweka vidole. Ikatetemeka kidogo sana, kama paka anayeguswa akiwa usingizini. Bado ilinijua.

"Pole, mama," nikaiambia.

"Rola unaipa pole," Lugano akasema. "Sisi tuliosukuma kutoka kule je?"

"Nyinyi mna midomo. Chai ipo kwenye birika."

Akacheka, akawamiminia wenzake wote ndipo akajimiminia yeye, na chai ikamwishia nusu kikombe. Nikaiweka moyoni nusu kikombe ile.

Kiwanda chetu kiko Mufindi, juu kabisa, mahali ambapo ukungu huingia ndani hata ukifunga dirisha. Hatutengenezi nguo za kuvaa. Tunatengeneza kitambaa cha ukungu. Kitambaa kikipita chini ya rola hupigwa vipele vidogo sana, maelfu kwa maelfu, na kikitundikwa ukingoni mwa mlima kila kipele hushika tone la ukungu na kuliachia lidondoke mferejini. Mabomba huyateremsha maji hayo mpaka Usangu. Mto wa kule umekuwa mchanga mtupu kwa miaka kumi na mmoja. Penye upara kwenye kitambaa, ukungu hupita bila kuacha kitu.

Mwanzo wa kila robota, mlishaji lazima aingize ncha ya kitambaa kwa vidole vyake, kati ya rola na rola, kwa sababu kitambaa ni laini kuliko utando wa buibui na kila mashine tuliyojaribu ilikikunja. Zamani rola zilikuwa chuma na rangi tu. Mama yake Lugano alilisha rola za zamani. Alimlea Lugano kwa mkono mmoja.

Kisha ikaja ngozi hai, utando unaopakwa juu ya chuma na kuokwa. Ndani ya utando ule zimo chembe, ndogo kuliko vumbi la unga, zinazohisi mapigo ya damu. Kidole kikisogea mno, rola husimama kabla haijabana. Lakini chembe hazizaliwi na ujuzi huo. Hufundishwa siku ngozi inapotoka tanurini, ikiwa bado na joto, na hufundishwa kwa kuguswa. Mhandisi wetu aliwahi kutengeneza mkono wa mpira wenye pampu ndani, udunde kama moyo, ili watu wasisumbuke. Rola ikaujua mkono wa mpira vizuri sana. Watu haikuwajua kabisa, na mkono ule sasa umewekwa dirishani, umevikwa pete ya waya.

Basi kwetu rola mpya husalimiwa. Nikifungua tanuri, mimi ni wa kwanza kuweka kiganja, kisha walishaji sita, mmoja baada ya mwingine, gusa-achia, maana chuma kiko kwenye nyuzi joto sitini. Kila mmoja hutaja jina lake. Majina hayasaidii chochote, lakini nani anasalimia mgeni bila kujitaja?

Kwa miaka tisa hakuna aliyepoteza kidole. Shida yetu ilikuwa ni huku kubabuka.

*

Mhandisi Odilo Nyagawa alikuja baada ya chakula cha mchana. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, anayetembea kama anaogopa kuamsha mtoto. Nikimpa kiti hukataa, hugeuza ndoo akaikalia, kisha huniachia kiti mimi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Sema. Uso wako umeshaanza kusema."

"Nimekuja na jambo utakalolichukia."

"Litoe tu. Nimeshachukia mengi na bado nakula vizuri."

Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Ukungu unaanza Juni. Usangu wanahitaji marobota mia sita kabla haujaanza, vitambaa vyao vya zamani vimechanika. Kila rola ikibabuka tunasimama siku nne. Tukiendelea hivi hatufiki hata mia tatu na hamsini."

"Kwa hiyo?"

"Nyuzi mia nne."

Tangu ngozi hai ije, tunaoka kwa nyuzi mia na tisini, saa sita, kisha rola inapoa. Mia na tisini inatosha kuushikiza utando kwenye chuma bila kuzidhuru chembe.

"Kwenye mia nne," Odilo akaendelea, "utando unabadilika. Unajifunga wenyewe kwa wenyewe, unakuwa mgumu kama tupa. Nimepiga hesabu ya miaka miwili bila kubabuka."

"Na chembe?"

Akaangalia viatu vyake. "Chembe zinakufa kwenye mia tatu."

Alikuwa ameshaoka rola fupi ya majaribio, ya urefu wa mkono, kwenye tanuri dogo la karakana. Tukaenda kuitazama. Lugano alikuwepo tayari, ameketi juu ya meza ya vyuma, miguu inaning'inia.

Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Ilikuwa nyeusi, inameta. Odilo alinipa msumari, nikaukwaruza kwa nguvu zangu zote. Msumari ukaisha ncha, ngozi haikupata hata mstari. Nikaweka kiganja, nikangoja. Nikangoja tena. Ilikuwa kama kuweka mkono juu ya jiwe la kusagia.

"Haipo," nikasema.

"Haipo," Odilo akakubali.

Lugano akavua glovu yake ya ngozi ya ng'ombe, akawasha mashine, akaielekeza glovu kati ya rola. Ikaingia moja kwa moja bila kusita. Upande wa pili ikatoka imekuwa bapa kama bahasha, mshono umepasuka. Aliiokota, akaigeuzageuza, akajaribu kuivaa tena. Vidole havikupita.

"Basi kesho niletewe nyingine," akasema.

Niseme hapa jinsi ilivyo kwetu. Tanuri langu halipandi juu ya mia na tisini mpaka mwokaji aweke kidole gumba kwenye kufuli. Meneja akitaka, mhandisi akitaka, tanuri halitaki mpaka mimi nitake. Na wale walionitangulia waliacha desturi nyingine: aliyeoka rola ndiye anayeingiza vidole kwanza, ikizunguka polepole, kabla ya mlishaji yeyote. Walijua kwamba mtu huoka kwa uangalifu zaidi akijua vidole vya kwanza ni vyake.

Kwa hiyo jambo lilikuwa limekaa kwenye mapaja yangu. Nikiweka kidole gumba, Usangu watapata maji, na Lugano na wenzake watano watarudi kulisha chuma kisichowajua. Nisipoweka, mikono itabaki mizima na maji hayatatosha.

*

Siku hiyo hiyo Ndaki alifika na lori lake kuchukua marobota yaliyokuwa tayari. Ndaki ni mfugaji wa Usangu, ndiye huyaleta maombi ya wenzake na kuteremsha vitambaa. Kila akija huniletea kibuyu cha maziwa mgando, na kila akija hunisalimia "Kamwene" kwa lafudhi ya kwao mpaka walishaji wanajificha nyuma ya mashine kucheka. Anajua wanacheka. Huirudia kwa sauti zaidi.

Lugano alimuuliza habari za nyumbani huku wakipakia.

"Nzuri tu," Ndaki akasema. "Tumepanga zamu ya kuoga. Watoto Jumatano na Jumamosi. Sisi wakubwa tunajipangusa na kitambaa."

"Na maji ya kunywa?"

"Yapo. Mke wangu anatembea saa tatu kwenda, saa tano kurudi."

"Kwa nini kurudi ni saa tano?"

Ndaki akamwangalia kama aliyeulizwa swali la mtoto, lakini akajibu kwa upole. "Kurudi amebeba."

Lori lilipoondoka Lugano alinifuata mpaka mlangoni mwa tanuri.

"Umesikia mwenyewe, Bibi. Pandisha huo moto."

"Nimesikia."

"Mikono ni yangu. Nimekubali. Wenzangu nao nimewauliza, wanne wamekubali. Unatuona watoto?"

"Na wa tano?"

"Wa tano ana mimba, hata kupiga mswaki anaogopa."

"Mkono wa mama yako ulikuwa wa nani, Lugano?"

Nilijua naumiza, na nikasema. Akasimama akinitazama, macho yamejaa, halafu akasema taratibu, "Mama hakuulizwa. Mimi nimejiuliza, nimejijibu. Hiyo si sawa na ile." Akaondoka.

Nilikaa na neno hilo mpaka chai ikapoa mbele yangu. Alikuwa na haki. Mtu mzima akisema mikono ni yangu, mimi ni nani? Lakini kidole gumba nacho kilikuwa changu, na sikuona namna ya kuazima ruhusa yake nikaitia ndani ya moto wangu.

Kesho yake nilimwendea Odilo.

"Nipe siku nne."

"Za nini, Bibi?"

"Nataka kujua kwa nini inababuka."

"Tunajua. Ngozi ni laini."

"Kitu laini huisha sawasawa kote, kama sabuni. Hii imeisha mahali mahali. Hapa nzima, hapa imeoza, hapa nzima tena. Nani anakula namna hiyo?"

Odilo akafikiri, akajikuna kidevu. Ndicho ninachompendea; ukimpa swali zuri husahau kwamba alikuwa anabishana. "Siku nne," akasema. "Na mimi nitakuja kuangalia."

*

Huku kwetu kwenye chai, kila mwanamke anajua kisu cha chuma kikisahaulika ndani ya chai ya rangi hutoka cheusi. Chai ikikutana na chuma kitupu hufanya wino. Nikawaza: rola ya saba ilikuwa na siku kumi na mbili tu kazini, kwa macho ilikuwa safi. Kama ina nyufa ambazo macho hayaoni, chai itaziona.

Nilichemsha sufuria nzima, chai kavu, kali ya kukunja ulimi. Nikalowesha magunia, nikaizungushia rola ya saba, nikayafunga kwa kamba. Odilo alinisaidia kukaza vifundo. Asubuhi tukafungua.

Ilikuwa na madoa meusi, yamekusanyika katikati, karibu yote yanafanana ukubwa.

"Kama maua," Odilo akasema.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Nikaweka kiganja changu wazi juu ya doa la kwanza, lile jeusi kuliko yote. Kikaenea. Kidole gumba mahali pake, vitatu vya katikati mahali pake, na kile cha mwisho, kilichopinda tangu nilipoanguka na kuni nikiwa msichana, kikalala juu ya doa lililopinda vilevile.

Odilo akatoa kiti kutoka mezani kwangu, akakileta nilipo, akanishika kiwiko nikakaa.

"Ni sisi," nikasema. "Tumekuwa tukiisalimia mpaka inakufa."

Baada ya hapo mambo yakaanza kunoga, maana Odilo alivua koti. Tulikata vipande vya bomba, tukavipaka utando, tukavioka kwa mia na tisini. Kipande cha kwanza hatukukigusa kabisa: chai haikuona ufa hata mmoja, lakini nilipoweka kidole hakikutetemeka. Kilikuwa kizima na hakikujua mtu. Kipande cha pili tulikisalimia kwa desturi, gusa-achia kwenye nyuzi sitini: kikatetemeka vizuri, na chai ikachora vidole vyetu vyote. Odilo akanieleza sababu kwa kunichorea kwenye ubao wa masizi. Ngozi inapotoka motoni imetanuka pamoja na chuma, na inapopoa husinyaa polepole. Kiganja chetu kimetoka kwenye baridi ya Mufindi, kina unyevu. Kikigusa, pale mahali panasinyaa ghafla peke yake wakati majirani bado wametanuka. Panavutwa huku na huku. Panapasuka nyufa nyembamba kuliko unywele, na chumvi ya jasho inabaki ndani kula chuma.

"Tuziguse zikiwa zimepoa zaidi," nikasema.

Tukajaribu kipande cha tatu, gusa-achia kwenye nyuzi arobaini na tano. Hakikupasuka, na hakikujifunza. Chembe zikipoa huwa nzito, Odilo akasema, kama mtu aliyeamshwa saa mbaya. Unamwambia jina lako na hashiki.

Siku ya tatu ikaisha hivyo. Siku ya nne asubuhi Lugano alikuja, hajazungumza nami tangu siku ile ya mlangoni. Alikuja kumgombeza Odilo.

"Mnacheza na mabomba hapa na watu wanatembea saa nane kwa ndoo moja!"

"Hatuchezi," Odilo akasema. "Sogea, kina joto hicho."

"Nani kasema nasogea?" Akakishika kipande cha nne kilichokuwa juu ya meza, akakigonga mezani kama kirungu cha spika wa bunge, akaendelea. Alimwambia Odilo mambo ya mwaka huu na ya mwaka juzi. Alimkumbusha mkono wa mpira. Akamwambia kwamba mhandisi ambaye hajawahi kulisha robota hata moja asiwaamulie walishaji kuogopa. Odilo akajibu, kwa sauti ndogo, kwamba amewahi kulisha, wakati Lugano yuko likizo ya uzazi, kwa sababu watu hawakutosha, na kwamba usiku wake alitapika. Lugano hakulijua hilo. Akakaa. Wakaendelea kubishana, sasa kwa sauti ya watu wanaosikilizana, na mimi nikapika chai nyingine, na saa moja na nusu ikapita, kipande bado kimo kiganjani mwake.

"Lugano," nikasema, "usifungue mkono."

"Nini?"

"Hicho kipande. Kipe dakika kidogo, kipoe kabisa. Haya. Sasa kiweke chini, halafu kiguse."

Alikigusa kwa ncha ya kidole. Nikauona uso wake ukibadilika.

"Kimetetemeka," akasema.

Tukakifunga kwa gunia la chai mpaka jioni, sote watatu tukizunguka meza kama watu wanaongoja chungu cha maharage. Tulipofungua hapakuwa na doa. Hapakuwa na hata kivuli cha doa. Kiganja chake kilikuwa kimepoa pamoja na chuma, hatua kwa hatua, na chembe nzito zilikuwa zimepata muda wa kushika.

*

Kipande cha bomba hupoa kwa saa moja na nusu. Rola nzima, kutoka joto ambalo kiganja kinaweza kulivumilia mpaka ubaridi wa chumba, huchukua saa tisa.

Odilo aliomba siku mbili zaidi kwa meneja, kwa barua ambayo alinisomea kwanza. Tukaoka rola ya nane upya. Saa mbili asubuhi Lugano alikausha kiganja chake kwa joto la mlango wa tanuri, akakilaza juu ya ngozi mpya, akataja jina lake. Mara hii hakukitoa. Wenzake walimlisha ugali na mboga kwa mkono, wakimtania afungue mdomo kama kifaranga. Yule mwenye mimba alimsukia nywele mistari minne. Mchana alisinzia, na mlishaji mmoja akakaa nyuma yake ampe mgongo wa kuegemea. Saa kumi na moja jioni akainua mkono. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikamsugua mpaka damu ikarudi.

Lilibaki swali moja. Zamani rola ilisalimiwa na watu saba na kuwajua saba. Hii ilikuwa imeshikwa na mmoja. Je, ilikuwa imejifunza mtu ni nini, au ilikuwa imemjua Lugano peke yake?

"Kesho nalisha mimi," Lugano akasema.

"Wewe inakujua. Jibu lako halitatuambia kitu. Na aliyeoka ni nani?"

"Bibi, moyo wako wenyewe unaruka pigo. Daktari alisema mbele yangu."

"Ndiyo maana. Ikiujua huu, itaujua wa kila mtu."

Alikataa. Akamgeukia Odilo amsaidie kukataa. Odilo alikuwa amefumba macho. Akasema, "Nitashika swichi ya dharura mwenyewe," na asubuhi kweli aliishika, kwa mikono miwili.

Rola ilizunguka polepole, kama jiwe la kusagia linalosukumwa na mtu aliyechoka. Nilichukua ncha ya kitambaa. Sikuwa nimeigusa rola ile tangu itoke motoni. Nilikuwa nimejizuia hata kuipa pole. Nikasogeza vidole. Nikahisi upepo mdogo wa kitambaa kinachovutwa. Ukucha wa kidole cha kati ukagusa chuma, kikauvuta kidogo, na nikasikia Lugano ameacha kupumua.

Rola ikasita. Ikatembea tena unene wa uzi mmoja. Ikasimama.

Nilibaki pale vidole vikiwa ndani. Nikahisi mtetemo ukipita kwenye ukucha, hafifu, kama mtu asiye na hakika anayeuliza, "Nani wewe?"

"Yustina," nikaiambia.

Baadaye ukucha ulifanya weusi kidogo. Zile za zamani zilisimama mapema zaidi. Odilo aliandika hilo kwenye taarifa yake bila kulipunguza, na chini yake akaandika kwamba walishaji wajulishwe na wachague. Waliambiwa, mmoja mmoja, na yule mwenye mimba aliambiwa kwamba akisema hapana kazi yake ipo. Alisema atakunja marobota mpaka ajifungue. Wengine watano walisema ndiyo. Sikuweka kidole gumba kwenye kufuli.

*

Nani atamwambia Ndaki? Nilisema mimi.

Alikuwa anafunga turubai la lori. Nilimweleza yote, chai na viganja na saa tisa. Nikamwambia rola sasa zitadumu, huenda mwaka mzima, lakini kila moja ya rola nane lazima iokwe upya na kushikwa kutwa nzima, zaidi ya mara moja mpaka Odilo aridhike na kusimama kwake, na anayeshika halishi. Walishaji ni watano. Tutafika marobota mia nne na ishirini, si mia sita. Na nilimwambia kwamba palikuwa na njia ya kufikisha mia sita, na kwamba ni mimi niliyeikataa, ili akitaka kukasirika ajue pa kuelekeza.

Hakukasirika. Aliniuliza njia hiyo ilikuwa ipi, nikamwambia. Akaangalia mikono ya Lugano, aliyekuwa anapakia upande wa pili bila kusikia.

"Hapana," akasema. "Maji hayo tungeyanywaje?" Akakaza kamba. Halafu, kama mtu anayeuliza bei ya ng'ombe asiyetaka kununua, akasema, "Huyu anayeshika. Lazima awe fundi?"

"Lazima awe mtu."

"Ajue kusoma?"

"Ajue kukaa."

"Kukaa tunajua," Ndaki akasema. "Kuchunga ni kukaa."

Jumatatu iliyofuata lori lilipanda mlima likiwa limejaa watu. Walikuwa kumi na wanne, wamejifunika mashuka kwa baridi yetu, wanawake tisa na wanaume watano, wamekuja na unga wao na kuku wawili kwenye tenga. Meneja alitoka ofisini kuuliza ni akina nani. Odilo alimjibu kwamba ni wafundishaji, akaenda kuwatafutia vitanda.

Walipangwa kwa zamu za kutwa. Walishaji watano wakarudi wote kwenye mashine. Mimi nilipita kati ya rola nikikausha viganja na kupima joto, na sijawahi kufanya kazi nyepesi kuliko hiyo. Mzee mmoja aliiimbia rola yake nyimbo za ng'ombe kutwa nzima. Mwingine aliomba msamaha kila alipopiga chafya.

Kwenye rola ya sita alikaa mama kijana anaitwa Mbuke, ana mtoto mgongoni. Kwa saa nne hakusogea. Saa ya tano mtoto aliamka akalia, na Mbuke akaanza kuhangaika, mkono mmoja ukitafuta fundo la kanga, mwingine ukiwa umebanwa na kazi. Alinitazama kwa hofu.

"Bibi, nikiuinua itaharibika?"

"Usiinue. Telezesha. Mimi naingia nyuma yako."

Nilikausha kiganja mlangoni mwa tanuri, nikakileta karibu na chake. Akatelezesha polepole, kidole kwa kidole, na mimi nikafuata polepole, kidole kwa kidole, mpaka mahali palipokuwa pake pakawa pangu na joto halikupata nafasi ya kutoroka. Akamzungusha mtoto kifuani, akafungua blauzi, akakaa chini sakafuni akiegemea mguu wa kiti alichoniachia. Mtoto akanyamaza.

"Usiutoe mpaka amalize," akasema.

"Anyonye taratibu," nikamwambia. "Siendi popote."